Mgodi wa risasi katika Uingereza ya karne ya 18: uchimbe huru, uwe chini ya mwenye ardhi, au ujiunge na kampuni?

Tuseme ni mwaka 1760, na kwenye kilima kilicho mbele yako kuna mshipa wa galena, lile jiwe zito la kung'aa linalopasuka vipande vya pembe nne ukiligonga nyundo. Galena safi ina metali ya risasi karibu asilimia 87 ya uzito wake, na soko lipo: mapaa ya makanisa, mabomba ya maji, rangi nyeupe ya nyumba, risasi za bunduki. Thamani ya jiwe haina ubishi. Ubishi uko kwa watu: nani aongoze kazi, nani atangulize pesa, na mwamba ukigeuka mtupu nani ale hasara.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na majibu kadhaa, na yote yalifanya kazi kwa miaka mingi bega kwa bega. Hapa nayaweka manne kwenye mizani moja. Msomaji wa historia ya viwanda aliyetakiwa kuyalinganisha atapata pa kuanzia, na kikundi cha wachimbaji kinachogombania mgao leo kitakuta mabishano kinayoyajua.

Njia ya kwanza ni desturi ya Derbyshire, katikati ya Uingereza, ambako mtu yeyote aliweza kuchimba. Ya pili ni ya ukoo wa Blackett katika mabonde ya Allendale na Weardale, kaskazini mwa Uingereza: ukoo mmoja ulishika migodi, matanuri na biashara. Ya tatu ni kampuni ya hisa, nami nachukua London Lead Company, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1692 na mapema karne ya 18 ikawa mikononi mwa watu wa madhehebu ya Quaker. Ya nne ni Leadhills, Scotland, ambako Scots Mining Company ilikodi migodi kwa mwenye ardhi, Earl wa Hopetoun (Earl ni cheo cha ukabaila), ikamkabidhi kazi meneja mmoja aliyekaa hapo hapo kijijini. Huyu alikuwa James Stirling, mwanahisabati wa jina kubwa, aliyeshika usimamizi katikati ya miaka ya 1730 na kubaki nao hadi kifo chake mwaka 1770.

Vigezo vya kupimia ni vitano: ruhusa ya kuchimba, mtaji pamoja na suala la maji, jinsi mchimbaji anavyolipwa, tanuri, na maisha na afya. Havina uzito sawa. Kama una nafasi ya kusoma sehemu moja tu, soma ya maji.

Ruhusa ya kuchimba

Hapa Derbyshire haina mfano. Katika eneo lililoitwa King's Field, ukiwa na sururu na roho ngumu ungeweza kutafuta madini kwenye shamba la mtu bila kumwomba ruhusa. Hukuruhusiwa kugusa makaburi, bustani, mashamba ya matunda na barabara kuu. Kwingine kote mwenye shamba alibaki kutazama. Ukigundua mshipa ulimwendea Barmaster, ofisa wa machimbo, ukampa kipimo kimoja cha madini, naye akakupimia vipande viwili kando ya mshipa, kila kimoja yadi 29 hivi kwa upande wa mji wa Wirksworth. Kipande cha tatu kilikuwa cha mfalme, au cha yule aliyekodi haki za mfalme. Kipimo rasmi chenyewe ni cha shaba, kilitengenezwa mwaka 1513 enzi za Henry VIII, na hadi leo kinatunzwa Wirksworth.

Ulilindwa na winchi ndogo ya mbao iliyosimama juu ya shimo lako. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yako ya umiliki. Shimo likilala bila kazi, Barmaster alikuja na kisu akachonga alama kwenye mbao, wiki ya pili akachonga nyingine, na ya tatu ikifika mgodi ulipewa mtu mwingine. Sababu zilizokubalika za kusimamisha kazi zilikuwa mbili: maji, au ukosefu wa hewa. Kuugua au kuishiwa pesa hakukuhesabiwa. Kesi zote zilikwenda kwenye baraza la wachimbaji, Barmote, lenye wazee 24 waliojua mwamba kuliko hakimu yeyote wa mjini.

Kwa haki hiyo ulilipa kipimo kimoja katika kila 13, na kwa kila mzigo wa vipimo tisa ukaongeza peni sita ili uwe huru kumuuzia umtakaye. Kanisa nalo lilidai zaka, na ugomvi wa zaka uliendelea vizazi na vizazi.

Kwa akina Blackett ulichimba kwa sababu walikukubali. Haki ya madini ya Allendale ilikuwa yao kama wenye eneo, na ya Weardale waliikodi kwa Askofu wa Durham. Mtu mmoja, Sir Walter Calverley Blackett, alishika mali hiyo kuanzia 1728 hadi alipofariki 1777. Maana yake kwa mchimbaji ni kwamba sera haikubadilika kila baada ya miaka mitatu, lakini ukikosana na msimamizi wake hapakuwa na baraza la kukimbilia.

Kampuni ilikodi. Mkataba wake mashuhuri zaidi ulikuwa wa Alston Moor, kwenye milima ya Pennines kaskazini, na hadithi ya ardhi ile inafurahisha: ilikuwa mali ya Earl wa Derwentwater, aliyekatwa kichwa mwaka 1716 kwa kushiriki uasi wa mwaka uliotangulia. Serikali ikaitaifisha, na mwaka 1735 mapato yake yakapewa Hospitali ya Greenwich, makao ya mabaharia wazee wa jeshi la majini. Kwa hiyo mchimbaji wa milimani, ambaye huenda hakuwahi kuiona bahari, alisaidia kuwalisha mabaharia. Mrabaha wa kawaida, yaani malipo kwa mwenye ardhi, ulikuwa sehemu moja ya tano ya madini. Leadhills pia ilikuwa ya kukodi.

Ukilinganisha asilimia nane hivi za Derbyshire na ishirini za Alston Moor, Derbyshire inaonekana rahisi mno. Ngoja kwanza. Ile asilimia ishirini ilitolewa na kampuni, na mchimbaji aliihisi kwa njia ya bei ndogo aliyopewa. Mchimbaji wa Derbyshire alitoa asilimia nane zake baada ya kununua mwenyewe matimba, kamba, mishumaa na baruti, na baada ya kuchimba miezi bila kuona hata punje.

Mtaji na maji

Mishipa ya juu juu ilikuwa imeshachimbwa tangu zamani. Kufikia karne ya 18 madini mazuri yalikuwa chini ya usawa wa maji, na hapo ndipo uhuru wa mtu mmoja na winchi yake ulipofika mwisho. Ndoo haishindani na chemchemi.

Suluhisho la Derbyshire lilikuwa handaki la kutolea maji. Lilianzia chini bondeni karibu na mto, likachimbwa polepole kuelekea chini ya migodi ili maji yateremke yenyewe. Walioligharimia walidai sehemu ya madini ya kila mgodi uliokauka kwa kazi yao. Mahesabu haya yalihitaji subira ya ajabu. Handaki la Hillcarr lilianzishwa 1766 likakamilika 1787, miaka 21, kwa gharama iliyopita pauni 30,000. Hakuna mchimbaji huru aliyekuwa na pesa hizo wala umri huo. Ndiyo maana, ingawa sheria ilibaki ya watu wadogo, migodi mikubwa ya Derbyshire iligawanywa hisa za moja ya 24, moja ya 48 na hata ndogo zaidi, zikanunuliwa na wafanyabiashara, wenye mashamba na mawakili. Mchimbaji aligeuka mbia mdogo, au kibarua wa mkataba ndani ya shimo ambalo babu yake angelimiliki peke yake. Wanaoisifia Derbyshire kama paradiso ya wachimbaji huru huwa wanasoma sheria, hawasomi daftari za hesabu.

Faida ya handaki wakati mwingine iliangukia mtu asiyehusika kabisa. Maji yaliyotoka kwenye handaki la Cromford hayakuganda wakati wa baridi kama ya mito, na Richard Arkwright alipojenga kiwanda chake cha kusokota pamba pale mwaka 1771, aliyatumia kuzungusha magurudumu yake. Wachimbaji walitoa jasho, pamba ikavuna.

Akina Blackett walikuwa na nguvu ya aina nyingine: mfuko mmoja na uamuzi mmoja. Mgodi mmoja ukila hasara, mwingine uliubeba. Walithubutu kujaribu mashine pia. Katika mgodi wao wa Coalcleugh, William Westgarth alifunga mwaka 1765 injini iliyosukumwa na uzito wa maji yanayoshuka kwenye bomba, bila moshi wala makaa, na mhandisi John Smeaton akaipigia debe. Udhaifu wa njia hii unajulikana: mfuko ni wa mtu. Anapokuwa na uchaguzi wa bunge wa kugharimia au nyumba ya kifahari ya kupamba, mgodi unasubiri.

London Lead Company ilitandaza hatari kijiografia. Ilikuwa na kazi Wales kaskazini, Derbyshire na Alston Moor kwa wakati mmoja, na ilipoona Derbyshire na Wales hazilipi tena, mwishoni mwa karne ilijiondoa ikakaza nguvu kwenye milima ya Pennines. Mwenye hisa wa London alilala usingizi. Kijiji kilichoachwa nyuma hakikulala hivyo, na hilo liandikwe upande wa pili wa daftari.

Usidhani kwamba pesa nyingi humaliza tatizo. Hospitali ya Greenwich, Smeaton akiwa mmoja wa wasimamizi wa ardhi yake, ilianzisha mwaka 1776 handaki kubwa la Nent Force ili kukausha na kupeleleza mishipa ya Alston Moor. Kazi iliendelea zaidi ya miaka 60. Wageni walitembezwa humo kwa mashua wakistaajabu, lakini madini yaliyopatikana hayakurudisha gharama. Taasisi iliweza kuimeza hasara ile. Kikundi cha watu sita kingefilisika kabla ya Krismasi ya kwanza.

Siku ya malipo

Msimamizi wa kaskazini anaingia mgodini na mshumaa, akifuatwa na kikundi cha wachimbaji, watu wanne hadi wanane walioungana kwa hiari, mara nyingi ndugu na majirani. Anasimama mbele ya mwamba, anauangalia mshipa ulivyo mpana au mwembamba, anagonga kuona ugumu wake, kisha wanaanza kuvutana bei. Hawazungumzii mshahara wa siku. Wanapatana bei ya kila bing, kipimo cha ratili 896, yaani kilo 406 hivi, mzigo wa farasi wadogo wanne. Mshipa ukionekana tajiri, bei ya bing inashushwa. Ukiwa mwembamba na mwamba mgumu, inapandishwa. Mapatano yakifungwa hudumu kwa miezi mitatu hivi, kisha wanavutana upya. Kazi ya kutoboa njia kwenye mwamba mtupu ililipwa kwa urefu, fathomu (futi sita) kwa fathomu, maana huko hapakuwa na madini ya kupima.

Mpango huu, uliotumiwa na akina Blackett, na London Lead Company, na kwa namna yake Leadhills pia, ulikuwa wa werevu. Mwajiri hakuhitaji mnyapara wa kusimama nyuma ya kila mtu gizani, kwa sababu kikundi kilijisimamia. Kila upande pia ulikuwa na sababu ya kuuzunguka mwingine. Wachimbaji waliokaribia mwisho wa mapatano walifaidika wakiacha sehemu nono bila kuguswa ili bei mpya isishushwe, na msimamizi aliyewahi kuwa mchimbaji alijua mchezo wote.

Tatizo lilikuwa kalenda. Hesabu kamili ilifanywa mara moja kwa mwaka. Katikati, familia iliishi kwa pesa ndogo ya kujikimu iliyohesabiwa kuwa mkopo, pamoja na deni la dukani. Siku ya hesabu, mkopo ulikatwa, mishumaa ikakatwa, baruti ikakatwa, gharama ya kunoa zana ikakatwa. Kikundi kilichokutana na mshipa mzuri kiliondoka na pesa ya kununua ng'ombe. Kilichokutana na mwamba mtupu kiliondoka na deni lililohamia mwaka unaofuata, na mwenye deni hawezi kuhama bonde. Kwa maoni yangu huu ndio uzi uliowafunga wachimbaji wa kaskazini kwa mwajiri, kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Derbyshire ilikuwa na mchanganyiko. Mchimbaji huru wa kweli aliuza madini yake kwa wanunuzi na kupata pesa mara baada ya kupimiwa. Kwenye migodi ya hisa, hesabu zilifanywa kila baada ya wiki kadhaa, si mwaka, kwa hiyo pesa ilizunguka haraka zaidi. Lakini usiione haraka hiyo ukafikiri ni utajiri. Katika miaka ya 1720, Daniel Defoe alipita nyika ya Brassington akamkuta mke wa mchimbaji akiishi na watoto watano katika pango. Mama yule alimweleza kwamba mumewe, mambo yakienda vizuri, hupata peni tano kwa siku, na yeye mwenyewe akiweza kwenda kuosha madini hupata tatu. Defoe alikiri kwamba ndani ya pango mlikuwa safi, na nje kulikuwa na shayiri na ng'ombe. Peni nane, watu saba.

Tanuri

Kuna chaguo mbili, na zilihusiana zaidi na nani anaendesha mgodi kuliko watu wanavyodhani.

Tanuri la kale ni dogo, la mawe, lenye mivukuto mikubwa inayoendeshwa na gurudumu la maji. Kaskazini lilichochewa kwa mboji ya kinamasi iliyokaushwa na makaa ya mawe kidogo, Derbyshire kwa vipande vya kuni vilivyokaushwa kwenye tanuu. Madini yalitupwa juu ya moto kidogo kidogo, wayeyushaji wawili wakiyageuza kwa vyuma virefu, na risasi ikachuruzika juu ya bamba la mbele hadi chunguni. Uzuri wake: linawashwa na kuzimwa haraka, linakubali mzigo mdogo wa kikundi kimoja bila kuuchanganya na wa wengine, na halili makaa mengi. Ubaya: bila mto hakuna mivukuto, na mabaki yake bado yana risasi ya kutosha kiasi cha kuhitaji tanuri la pili.

Tanuri jipya lilikuwa na chumba cha moto peke yake. Makaa ya mawe yaliungua upande mmoja, ndimi za moto zikavutwa na bomba refu la moshi kupita juu ya madini chini ya dari la chini, kwa hiyo makaa hayakugusana na madini. Hakuna mivukuto, hakuna gurudumu, na unaweza kulijenga popote barabara na makaa vinapofika. London Lead Company ilianza nalo mapema kwenye kiwanda chake cha Gadlys, Wales, na karibu 1735 ililijenga Ashover, Derbyshire, ambako baadaye lilisukuma kando matanuri ya kuni. Lakini lilipenda mzigo mkubwa usiokatika. Mwenye magunia machache hana cha kufanya nalo zaidi ya kumuuzia mwenye tanuri kwa bei atakayotajiwa.

Kwa nini basi kaskazini, kwenye matajiri wa kutosha, waliendelea na tanuri la kale? Si ujinga. Mito ilikuwepo, mboji ilitapakaa milimani, na tanuri lile liliyafaa madini yao. Teknolojia mpya haikuwa bora kila mahali, na aliyeshika kalamu ya hesabu aliliona hilo.

Kaskazini walikuwa na ziada nyingine: madini ya fedha. Risasi ya Pennines kaskazini ilikuwa nayo ya kutosha kulipia kuitenganisha, kwa kuipasha risasi moto juu ya kitanda cha majivu ya mifupa hadi igeuke oksidi na kubakiza fedha katikati. Fedha ya kampuni ya Quaker ilipelekwa kutengenezea sarafu za Uingereza, nyingine zikapigwa chapa ya mawaridi na manyoya. Derbyshire haikuwa na bahati hiyo. Fedha yake ilikuwa kidogo mno kusumbukia.

Maisha na afya

Tanuri lolote lilitoa sumu. Derbyshire walikuwa na jina la ugonjwa wake, belland, na walilitumia kwa mtu, kwa ng'ombe na hata kwa malisho yaliyoharibiwa na moshi. Mchimbaji wa chini aliugua zaidi mapafu kwa vumbi na hewa mbovu. Myeyushaji aliugua tumbo, akapooza mikono. Mwishoni mwa karne mwanakemia Richard Watson alipendekeza mabomba marefu ya moshi yaliyolala ardhini ili mvuke ugande humo, na yalipoanza kujengwa sababu kubwa ilikuwa risasi iliyokuwa ikipotea hewani. Afya ilifuata nyuma. Jambo hili si la kale tu: mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri.

Kwa upande wa maisha, Leadhills inasimama peke yake. Zamu ya chini ya ardhi ilikuwa ya saa sita. Wachimbaji waliruhusiwa kujenga nyumba na kulima vipande vya ardhi kwenye kilima kile chenye baridi kali, na mwaka 1741 walianzisha maktaba yao wenyewe kwa michango. Wanlockhead, kijiji jirani, ikafuata mwaka 1756. Wapo wanaoona yote haya ni wema wa Stirling. Mimi naona pia hesabu: mchimbaji mwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na bustani aliyoirutubisha haondoki ovyo, na kijiji cha milimani bila watu ni mgodi bila watu. Wema na hesabu vinaweza kukaa meza moja.

London Lead Company ilianza kujenga nyumba katika kijiji cha Nenthead, Alston Moor, katika miaka ya 1750. Lakini tahadhari: shule na mipango mingi inayoipa kampuni hiyo sifa ni ya karne ya 19. Anayeandika insha kuhusu karne ya 18 asiyahamishe mafanikio ya wajukuu kwenda kwa mababu. Kwa akina Blackett, wengi walikuwa na shamba dogo na ng'ombe mmoja au wawili, na shamba hilo ndilo lililowavusha miaka mibaya. Derbyshire vilevile, mchimbaji mara nyingi alikuwa mkulima nusu.

Nani achague nini

Una mikono na hamu lakini huna pesa, na mshipa wako uko juu ya usawa wa maji: nenda Derbyshire. Hakuna pengine ambapo maskini aliweza kupata mgodi kwa kumpelekea ofisa kipimo kimoja cha madini. Weka shamba pembeni, usitegemee shimo peke yake, na siku maji yatakapoanza kujaa, uza mapema kwa wenye hisa kabla hawajagundua kwamba huna njia nyingine.

Una mikono, una familia ya kulisha kila wiki, na hupendi kucheza kamari: mapatano ya kaskazini yanakufaa kuliko uhuru, mradi umechagua wenza wa kikundi kwa makini na unaweka kumbukumbu yako mwenyewe ya mishumaa na baruti. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya mwajiri wa ukoo na kampuni, uliza jambo moja tu: malipo ya mwaka jana yalitolewa lini?

Unataka watoto wako wajue kusoma, na wewe utoke shimoni jua likiwa bado juu: Leadhills. Kumbuka tu kwamba mambo mengi pale yalisimama juu ya meneja mmoja. Kabla ya kuhamisha familia, ulizia atakayemrithi.

Una ardhi yenye mshipa na mtaji wa wastani: kodisha, chukua mrabaha, na usichimbe handaki kubwa kwa pesa yako mpaka wapangaji wachangie. Hospitali ya Greenwich ingekushauri hivyo hivyo. Una ardhi, mtaji mkubwa na warithi wenye akili timamu: njia ya akina Blackett inakuachia faida yote, pamoja na ya madini ya fedha, ila tenga pesa za malipo ya wachimbaji kwenye mfuko usioguswa na siasa.

Una pauni mia chache mjini na hujawahi kushika nyundo: nunua hisa kwenye kampuni yenye migodi katika mikoa tofauti. Hisa ya moja ya 48 kwenye mgodi mmoja wa Derbyshire inaweza kukutajirisha, lakini hesabu ikija na hasara utaitwa kuchangia, na ukikaa kimya hisa inakwenda kwa mwingine.

Kuhusu tanuri, anza na ramani. Mto upo na mzigo unakuja kidogo kidogo kutoka vikundi vingi, jenga la kale. Makaa ya mawe yako karibu na una uhakika wa madini mwaka mzima, jenga jipya. Kwa vyovyote vile, angalia kwanza upepo unaelekea wapi, na usiruhusu ng'ombe kulishwa upande huo.